Nyumba ya Mprusia Isiyo na Mlango

Usiku ule nililala na mababu wawili chini ya mto, na kwa hesabu zangu walikuwa mtu mmoja.

Babu wa kwanza alikuwa ndani ya Biblia ya marehemu Bibi Yuditha, mama yake baba yangu, kwenye ule ukurasa mtupu wa mwanzo ambao watu wa milimani kwetu huandikia ukoo. Kwa mwandiko wake wa kulala upande, bibi aliandika: Baba, Vilhelmi, fundi seremala wa Prusia. Mtoto, Andrea. Chini ya Andrea, ambaye ndiye baba mkwe wake, wakafuata wengine wote, ngazi kwa ngazi, hadi kwangu na kwa binti yangu Tumaini. Babu wa pili alikuwa kwenye nakala ya cheti cha ubatizo tuliyopewa na ukoo wa Daudi, kijana aliyeleta posa kwa Tumaini: Yohana, mtoto mchanga wa siku nane, wa Vilhelmi seremala, na mama yake Maria.

Nilikuwa nimehesabu. Mimi ni mtu wa mitumba. Belo likifunguliwa nahesabu mashati mara mbili, kisha vifungo vya kila shati mara mbili, kwa hiyo ukoo haukunipa shida. Kutoka kwa Mprusia hadi kwa Tumaini, ngazi sita. Kutoka kwa Mprusia hadi kwa Daudi, ngazi sita. Nikarudia: sita, na sita. Na kwetu damu ikishakutana, hata kama ilikutana kabla babu zetu hawajazaliwa, hao ni ndugu, na ndugu hawaoani. Hakuna cha ndugu wa mbali, wala cha ndugu nusu.

Jambo lenyewe lilifumka siku wageni walipokuja kujitambulisha. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke. Baba Mdogo Zakaria, mdogo wake marehemu baba yangu, na ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, alisimama kueleza sisi ni kina nani. Jambo hilo hulifanya popote, hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga.

"Sisi jamani si wa hivi hivi," akasema. "Sisi ni uzao wa Mprusia."

Akaeleza kwamba Wajerumani walikuwa wengi, ila huyu alikuwa Mprusia, na ukimwita Mjerumani ananuna siku tatu. Tofauti ni ipi hatuijui mpaka leo, lakini tunaitunza. Baba Mdogo akiwahi kufika mahali, hiyo ni Prusia. Akikataa ushauri, Prusia. Akila viazi, Prusia tena, ingawa milima yote ile inakula viazi.

Mzee Ezekieli, babu yake Daudi, akaweka kikombe chini.

"Mprusia yupi, mzee mwenzangu?"

"Fundi Vilhelmi. Aliyeezeka kanisa la misheni."

"Mwenye ndevu nyekundu?"

"Nyekundu kama kutu!"

"Huyo ni wetu," akasema Mzee Ezekieli polepole. "Cheti tunacho."

Hakuna aliyegusa chai tena. Tumaini alikuwa amesimama na sinia la maandazi, Daudi ameinua mkono kuchukua moja, na mkono ule ukabaki hewani kana kwamba haukuwa na mwenyewe.

Nilijaribu kupatana, maana ndiyo kazi ninayoijua. Nikamfuata Mzee Ezekieli hadi nje. "Mzee wangu, kwani Prusia ilileta fundi mmoja tu? Ninyi chukueni mwingine." Akaniangalia. "Mbona msichukue ninyi, mama? Sisi tuna muhuri." Nikarudi kwa Baba Mdogo. Yeye alishafunga duka. "Harusi zipo nyingi," akasema. "Jina ni moja. Nikilitoa jina, nitasimama mbele ya watu kama nani?"

Tukaanza kukusanya kumbukumbu, na hapo ndipo mambo yalipochafuka vizuri. Baba Mdogo alishika kwamba Mprusia alikuja na mke aliyekufa kwa homa njiani. Mzee Ezekieli akasema alikuja na kaka yake, mke hakuwepo. Jiwe la kaburini, kule misheni, lilikuwa limeliwa na mvua, herufi zilizobaki ni tatu tu: PRU. Katibu wa usharika akatunakilia mistari miwili kutoka kitabu cha zamani: kijana, hana mke, amefika na sanduku moja la zana, mwaka wa kuezeka paa. Nikapanga vyote mezani. Kumbukumbu nne, Waprusia wanne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kupunguza.

Kitu pekee ambacho hakikubishaniwa kwetu ni hadithi ya Krismasi. Kila Krismasi, tukishakula, Baba Mdogo husimama na kusimulia ubatizo wa Andrea. Paa lilimalizika kabla mwaka haujaisha, na Andrea akawa wa kwanza kubatizwa chini yake. Ilikuwa mwezi wa baridi, maji yametoka kijitoni asubuhi ile ile. Mchungaji wa Kizungu akamwagia. Watu wakangoja kilio. Andrea akacheka, kicheko kikubwa chenye pengo, meno mawili ya mbele hayapo, na Mprusia kuliona pengo lile naye akaangua kicheko mpaka mchungaji akafunga kitabu kungoja kanisa litulie. Hapo watoto wetu wenye mapengo hupanua midomo kuonyesha yao, na sote hucheka kama tunaisikia kwa mara ya kwanza.

Mchungaji wa sasa, kijana mpole, alisema hatasoma hata tangazo la kwanza la ndoa mpaka wazee wa koo mbili watie sahihi kwamba hawa si ndugu. Akatupa Jumamosi, saa nne asubuhi, ofisini kwake. Ukoo wa Daudi ukasema ukitoka pale bila sahihi, utaondoka na barua yake ya posa.

Ijumaa jioni Tumaini alikuja chumbani kwangu. Gauni lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango, limeshashonwa, limefunikwa kwa shuka.

"Mama," akasema, "Biblia imeandikwa, sawa. Lakini mimi siwezi kuolewa na ukurasa."

"Ungetaka nifanye nini, mwanangu? Niuchane?"

"Sijui. Wewe ndiye unayejua kupatana."

Akatoka. Nikaiweka Biblia na yale makaratasi chini ya mto, nikazima taa. Nilihesabu ngazi tena gizani. Sita na sita.

Sijui ni wakati gani niliacha kuhesabu.

Nilikuwa kwenye kibanda changu sokoni, mchana wa jua kali, nimeshika shati jeupe. Nilihesabu vifungo vyake. Viwili vya juu havikuwepo. Nikainama kuvitafuta chini ya meza, nikainuka na maranda mkononi, maranda laini yaliyojikunja, yananukia mwerezi. Nikajiuliza, nani amepiga randa hapa? Nikageuka kulitundika shati. Ukuta wa turubai haupo. Upo ukuta wa mbao, mpya, bado unatoa utomvu, na kwa nje kuna mtu anagonga nyundo.

Wala soko si soko tena. Ni sebule ya bibi, ile ya zamani yenye sakafu ya udongo. Bibi Yuditha ameketi kwenye kigoda chake, ungo wa maharage magotini, amevaa kile kilemba cha kijani tulichomzika nacho. Sikushtuka. Nilichofikiri ni kwamba kilemba hakijachuja hata kidogo, kumbe kilikuwa kitambaa kizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umenenepa." Akatupa jiwe nje ya ungo. "Kaa. Bado anajenga."

Nachungulia kwenye upenyo. Nje yupo mwanamume mrefu, ndevu zake rangi ya kutu, mikono ya shati ameikunja, misumari ameibana mdomoni. Anachukua ubao, anausimamisha, anaupigilia. Anachukua mwingine. Hana haraka na hapumziki. Kila ubao una jina kwa mkaa, na majina yote nayajua: la baba, la babu, la Baba Mdogo Zakaria, la shangazi zangu, langu. Ukuta wa mbele umekamilika. Wa kulia umekamilika. Nageuka, wa nyuma nao umekamilika, na sikumwona akizunguka.

Nikahesabu mbao. Thelathini na moja. Nikarudia. Thelathini na mbili. Hesabu zangu huwa hazitofautiani. Nikaanza mara ya tatu, na bibi akasema bila kuinua uso, "Unapoteza mwanga."

Ni kweli. Kila ubao ukiingia, chumba kinafifia.

"Fundi!" naita, kwa ile sauti ninayowaitia wateja walionipa mgongo. "Fundi, umesahau mlango."

Ko, ko, ko.

"Basi dirisha."

Ko, ko.

"Haya, tundu, fundi, la kupitisha mkono tu. Tuelewane."

Ananitazama kwa upole, misumari imechomoza kati ya midomo yake kama ndevu nyingine. Miaka yote ya soko nimeshindana na wenye maneno mengi na wenye maneno machache, lakini mtu mwenye misumari mdomoni huna pa kumshikia.

"Bibi, wewe utatokaje?"

"Mimi nilishatoka," anasema, na kutupa jiwe jingine.

Nikaegemea ukuta, na ukuta ukawa benchi. Tuko kanisani. Paa liko juu sana, kenchi zake zimepishana kama mbavu za ng'ombe, na mabenchi yamejaa watu wetu, waliokufa na wasiokufa, wamevaa nguo nilizowauzia. Mchungaji kijana yuko mbele na karatasi ya matangazo. Anafungua kinywa kusoma jina la Tumaini, halitoki. Anameza mate, anajaribu tena. Halitoki. Watu wanakohoa kwa adabu.

Na mimi namsikia mwanangu. Yuko nje, nyuma ya mbao, karibu kabisa na sikio langu.

"Mama, nipo mlangoni."

"Mlango upi, mwanangu?"

"Nipo mlangoni, mama. Nifungulie."

Naupapasa ukuta. Mbao zimebanana hata ukucha haupiti. Naona kivuli cha gauni jeupe kikipita kwenye nyufa, kinakwenda hadi pembeni, kinarudi. Anatembea kuzunguka nyumba akitafuta pa kuingilia, na kila anakofika nyundo inagonga palepale. Naita, "Tumaini, ngoja!" Sauti yangu inaishia kwenye ubao wenye jina langu.

Kanisa linapungua. Sikuona lilivyopungua. Kenchi zimeshuka hadi kichwani, mabenchi yameondoka na watu wake, na magoti yangu yamegusana na magoti ya bibi. Tumo ndani ya sanduku la zana. Kuna harufu ya mafuta ya msumeno na ya chuma baridi. Patasi iko chini ya paja langu. Juu yetu kuna kifuniko, na mwanga umebaki kama uzi.

Bibi ameshikilia ungo wake vilevile, umebanwa kati yetu, na vidole vyake vinaendelea kuchambua.

"Bibi, nitakosa pumzi."

"Hesabu."

"Nimeshahesabu! Mara mbili. Sita na sita."

"Hayo ni majina." Akakamata mkono wangu. Mkono wake ulikuwa wa moto, jambo ambalo sikulitarajia. Akanifungua kiganja, akaweka maharage mawili meupe. "Hesabu meno."

Nikayatazama. Yalikuwa maharage, kisha yakawa meno, madogo, ya utotoni, safi, yale ambayo kwetu mtoto akiyang'oa huyatupa juu ya bati akiomba mapya. Mawili. Nikarudia. Mawili.

Ndipo kicheko kikasikika nje. Kicheko cha mtoto aliyemwagiwa maji ya baridi. Nikakijua kabla sijafikiri, kwa sababu nimekicheka kila Krismasi tangu nilipokuwa na pengo la kwangu.

Mtoto wa siku nane hana meno ya kung'oka. Wa mwaka mmoja hana. Meno mawili ya mbele huanguka mtoto akiwa na miaka sita, saba. Na Mprusia alifika na sanduku lake mwaka ule ule wa paa.

"Bibi," nikasema. "Andrea alikuwa amekwisha kuzaliwa."

Bibi alikuwa analia, lakini vidole havikuacha kuchambua.

Kifuniko kikafunguka kidogo. Mprusia ameinama juu yetu, ndevu zake zinaning'inia. Anachukua msumari mmoja mdomoni mwake, anauweka kiganjani mwangu juu ya yale meno. Anachukua mwingine. Nahesabu, sijizuii: saba. Mdomo wake sasa ni mtupu, na anaonekana mdogo kuliko nilivyodhani, kijana tu, aliye mbali na kwao.

"Nilimshika bega tu," akasema. "Maji yalikuwa baridi."

Kwetu hadi leo anayemsimamia mtoto kwenye ubatizo humwekea mkono begani, na tangu siku hiyo mtoto humwita baba. Zamani zile za misheni, mtoto aliyeletwa bila mzazi aliandikwa hata jina la msimamizi huyo, pale pa baba. Nalijua hilo. Kila mtu wa milimani analijua. Nimewahi kuwaonea huruma watu wa koo za namna hiyo, nikishukuru kwamba sisi si wao.

"Aliletwa na nani?" nikamuuliza bibi.

"Na wapagazi. Walimkuta njiani, amekaa. Hakujua hata kijiji cha kwao."

"Sasa kwa nini uliandika vile?"

Bibi akaacha kuchambua.

"Nilikuwa na kalamu mkononi, na baba mkwe wangu, mzee mzima, amekaa mbele yangu anangoja. Pale pa baba palikuwa peupe. Nilishindwa kupaacha peupe."

Hapo tukawa tena sebuleni. Kuta nne, mbao mpya, na nyundo imenyamaza. Nauona ubao wenye jina la Andrea. Uko katikati ya ukuta wa mbele, na pembeni mwake kuna nafasi nyembamba ya giza, kama pengo. Ndio ule wa thelathini na mbili, ambao mara uko, mara hauko. Haukupigiliwa. Umesimamishwa tu na mbao nyingine zikauegemea, moja baada ya moja, mpaka wangu.

"Nikiutoa, ukuta wote utaanguka," nikasema.

"Utaanguka."

"Na Baba Mdogo?"

"Mwambie Zakaria," bibi akasema, na akanitazama kwa mara ya kwanza, macho yake yaleyale yenye utando wa siku zake za mwisho. "Pale paache peupe."

Nikataka kupatana naye. Kweli, hata hapo. Nilitaka kumwomba tubakize hata ndevu, hata jina la Prusia tu bila mtu wake. Nikafungua kinywa, na kwa nje Tumaini akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka na anayekaribia kuondoka, "Mama, nipo mlangoni."

Nikauweka mguu ukutani. Nikaushika ubao kwa mikono miwili. Ulikuwa baridi na mwepesi kuliko nilivyofikiri. Nikauvuta. Kicheko cha mtoto kikaingia ndani pamoja na mwanga, mbao zikaanza kulegea moja moja, ule wa baba, wa babu, wangu, na sikusikia kishindo chochote.

Nikaamka nimeshika ubao wa kichwani mwa kitanda, mguu mmoja ukutani, mto uko sakafuni. Biblia imenichoma ubavuni. Kulikuwa kunapambazuka. Kiganja changu kilikuwa kimekunjwa, nikakifungua taratibu. Hakukuwa na kitu. Nikaangalia tena, kwa sababu ndivyo nilivyo. Hakukuwa na kitu.

Nikampigia simu Baba Mdogo. Yeye huamka mapema, na siku zote tumejua ni kwa sababu gani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nisimulie hadithi ya Krismasi."

"Saa hizi?"

"Saa hizi."

Hawezi kuikataa. Nikasikia anavuta kiti. Akaanza na paa, akaja kwenye maji, sauti yake ikapanda, akanionyesha kupitia simu jinsi mchungaji alivyoinua mkono. "Watu wanangoja kilio! Yeye akacheka, pengo huku nje, meno mawili ya mbele hayapo!"

"Yalikuwa hayajaota, au yameng'oka?"

"Yameng'oka! Ya utoto, si unajua, kama ya huyu mjukuu wangu wa darasa la kwanza, juzi tu tumetupa la pili juu ya..."

Nilisikia jogoo wa kwake. Nilisikia kiti. Sikumsaidia. Ile nakala ya kitabu cha zamani alikuwa nayo mwenyewe mfukoni mwa koti, alikuwa ameisoma mara nyingi kuliko mimi, akitafuta mke wa Mprusia ndani yake.

"Mwaka wa paa," akasema hatimaye.

"Ndiyo."

"Alimsimamia tu."

"Alimshika bega."

"Basi sisi ni wa nani?"

"Wa Andrea."

"Na Andrea wa nani?"

"Bibi amesema pale paache peupe."

"Amekuja?"

"Amekuja."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Kilemba cha kijani."

"Kile nilimnunulia mimi," akasema. Kisha: "Hebu hesabu tena, mwanangu."

"Nimehesabu mara mbili."

"Nihesabie mimi."

Nikamhesabia, polepole, kama unavyomhesabia mtu ambaye kitu kinatoka mkononi mwake. Mwaka wa paa, mwaka wa sanduku, mwaka mmoja. Meno mawili, miaka sita, tuseme saba. Nikamhesabia na mtoto aliyekaa peke yake njiani, ambaye walipommwagia maji ya baridi mbele ya watu asiowajua, alicheka.

"Saa nne ofisini kwa mchungaji," akasema Baba Mdogo. "Nitafika saa tatu na nusu." Akakohoa. "Kuwahi huku kumbe ni kwangu mwenyewe."

Akakata.

Tumaini alikuwa amesimama mlangoni na kanga begani, macho mekundu. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Mama, unahesabu nini alfajiri yote hii?"

"Meno ya babu yako," nikamwambia. "Toa hilo gauni nje, lipate hewa."